Fuata shamba, usifuate jina: namna ya kumtafuta babu aliyelowea Virginia karne ya 17

SWALI: «Mimi ni Mtanzania, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu ni mzaliwa wa hapahapa. Kwao wanasema babu yao wa kwanza, William, alitoka Uingereza na ndugu zake wawili, akapewa ekari 300 huko New Kent, Virginia, mwaka 1658. Wakwe zangu wameniachia kazi ya kuandika ukoo kwa ajili ya wanangu. Mtandaoni nimekuta miti ya ukoo zaidi ya kumi inayosema vilevile, na kipimo cha DNA cha mume wangu kimelingana na watu wenye miti hiyo. Karatasi tulizonazo zinaishia kwa Samuel, aliyekufa hapa Ohio mwaka 1853. Sensa ya 1850 inasema alikuwa na miaka 78, mzaliwa wa Virginia. Miti inasema alitoka Kaunti ya Hanover. Nimeandika barua huko, nikajibiwa kwamba madaftari ya zamani yaliungua. Je, niikubali ile miti, au kuna njia nyingine?»

JIBU: Dada, njia ipo. Ile miti usiikubali kwa sasa, ila usiitupe pia. Iweke pembeni kama fununu. Ulichonacho mkononi ni ushahidi hadi kwa Samuel, na juu kabisa una dai kuhusu William. Katikati pana zaidi ya miaka mia moja, vizazi vinne hivi, na kwa maelezo yako hakuna hata mmoja aliyeonyesha karatasi ya kuviunganisha. Hapo ndipo kazi ilipo. Swali la William alitoka kijiji gani Uingereza, na kama kweli alikuja na ndugu wawili, liache kabisa kwa sasa. Hadithi ya ndugu watatu waliovuka bahari inasimuliwa na koo nyingi mno za Marekani, hata zile zisizo na uhusiano wowote.

Miti kumi iliyonakiliwa kutoka mti mmoja ni shahidi mmoja. Namna ya kujua ni rahisi: tafuta kosa. Kama yote kumi ina tarehe ileile isiyowezekana, mama aliyezaa akiwa na miaka tisa au mtoto aliyezaliwa miaka miwili baada ya mama kufa, basi ujue walinakiliana. Na wakati mwingine chanzo chenyewe ni cha zamani na kibovu. Mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri wa Marekani walikuwa wakilipia vitabu vya nasaba, na wapo waliowauzia uongo mtupu. Gustave Anjou, aliyekufa mwaka 1942, ndiye anayejulikana zaidi kwa kazi hiyo, na nasaba alizozitunga zimewapotosha watafiti hadi baada yake. Kitabu kuwa kizee hakukifanyi kuwa kweli.

Sasa tuingie kwenye zile ekari 300, kwa sababu wengi huzielewa vibaya. Kuanzia mwaka 1618 koloni la Virginia lilitoa ardhi kwa utaratibu tunaoweza kuuita haki ya kichwa: ekari 50 kwa kila mtu aliyesafirishwa kuingia koloni, na ardhi hiyo ilimwendea aliyelipa nauli, si aliyesafiri. Mlipaji alikwenda mahakamani kuthibitisha vichwa vyake, akapata cheti, akakipeleka kwa katibu wa koloni, akatafuta mpima ardhi, halafu ndipo hati yenyewe, iliyoitwa patenti, ikatoka. Kwa hiyo ekari 300 ni vichwa sita. Majina ya vichwa hivyo mara nyingi yaliorodheshwa mwishoni mwa patenti.

Chukua mfano ulio wazi. Anthony Johnson, Mwafrika aliyeletwa Virginia mwaka 1621 akiandikwa kama Antonio, baadaye akawa huru na mwaka 1651 akapata patenti ya ekari 250 katika Kaunti ya Northampton kwa vichwa vitano. Hesabu inakaa sawasawa: tano mara hamsini. Lakini ona jambo la pili. Baadaye alihamia Maryland na familia yake, na mwaka 1670, alipokuwa amekwisha kufa, baraza la wazee wa mahakama Virginia likaamua kwamba kwa kuwa alikuwa mweusi basi alikuwa mgeni, na ardhi yake irudi kwa Mfalme. Patenti inakuambia ardhi ilianza kwa nani. Ilikwenda kwa nani baada yake ni swali jingine kabisa.

Kutokana na utaratibu huo, patenti ya 1658 haisemi kwamba William alifika 1658. Huenda alikuwa koloni miaka kumi kabla. Cheti cha kichwa kiliweza kuuzwa kama hundi, kikapita mikononi mwa watu wawili watatu kabla ya mwisho wao kuchukua ardhi. Mtu mmoja aliweza kudaiwa mara mbili, na nahodha wa meli na aliyewanunua watumishi wa mkataba. Tena mlowezi aliyerudi Uingereza kwa biashara na kuja tena aliweza kuhesabiwa upya. Na ukimkuta William akiwa kichwa kwenye patenti ya mtu mwingine, usimuunganishe na William wako kwa jina tu. Kulikuwa na akina William wengi kuliko unavyodhani. Patenti za Virginia zimehifadhiwa Maktaba ya Virginia, jijini Richmond, na picha zake zinaonekana bure mtandaoni. Ifungue hiyo ya 1658 wewe mwenyewe leo, uisome yote, uandike jina la kila jirani na kila kijito kinachotajwa. Ukikuta maneno ya kwamba ardhi imechukuliwa kwa sababu mwenye nayo wa kwanza aliitelekeza, hilo nalo liandike. Sheria ilimtaka mtu ajenge na kulima ndani ya miaka mitatu, la sivyo mwingine aliweza kuiomba.

Baada ya hapo mwache William apumzike, uanze na Samuel. Nasaba hujengwa kutoka chini kwenda juu, na anayeanza juu hufika kwa Samuel fulani, si lazima awe Samuel wenu.

Una bahati ya kuishi karibu. Sehemu kubwa ya ardhi kati ya mito Scioto na Little Miami ilitengwa na Virginia kwa ajili ya askari wake wa Vita vya Mapinduzi. Hata Franklinton, upande wa magharibi wa Scioto hapo Columbus, ni ndani ya eneo hilo. Kama shamba la Samuel lilikuwa huko, utashawishika kusema alikuwa mtoto wa askari. Subiri. Askari wengi waliuza vibali vyao vya ardhi hata kabla ya kuiona Ohio, kwa hiyo aliyepewa patenti huenda alikuwa mfanyabiashara tu aliyenunua karatasi. Kitu cha maana zaidi ni hati ya kwanza kabisa ambayo Samuel alinunulia ardhi. Hati za wakati ule hutaja mnunuzi ni wa wapi. Ikiwa imeandikwa kwamba yeye ni wa Kaunti ya Louisa, jimbo la Virginia, au wa kaunti fulani ya Kentucky, umepata kituo chake cha mwisho kabla ya Ohio kwa maneno ya karani aliyeketi naye. Hati za baadaye zitasema tu ni wa hapo kaunti, hazitakusaidia.

Pia, kwa kuwa alikufa 1853, mirathi yake ilisikilizwa na mahakama mpya za mirathi zilizoundwa na katiba ya Ohio ya 1851. Omba jalada zima, si wosia peke yake: orodha ya mali, mnada, risiti, majina ya walionunua vyombo. Halafu uliza katika daftari la hati za kaunti hiyohiyo kama Samuel aliwahi kuandikisha hati ya uwakili. Nitaeleza baadaye kwa nini karatasi hiyo yaweza kuwa na thamani kuliko zote.

Ukishajua alitoka kaunti gani, ingia kwenye kodi. Hapa ndipo moto wa Hanover unapoanza kupungua makali. Kuanzia mwaka 1782 Virginia ilitoza kodi ya ardhi na kodi ya mali ya mtu binafsi karibu kila mwaka, na nakala ilipelekwa kwa mkaguzi wa serikali Richmond. Nakala hizo zilipona, na za Hanover zimo. Sensa ya Virginia ya 1790 na karibu yote ya 1800 zimepotea, kwa hiyo orodha hizi za kodi ndizo sensa yako, tena zina faida kwamba ni za karibu kila mwaka.

Soma hivi. Samuel, kama sensa ya 1850 ilisema kweli, alizaliwa karibu na 1772. Anafikisha miaka 16 mwaka 1788 na miaka 21 mwaka 1793. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1780 orodha za kodi huhesabu wanaume weupe wa zaidi ya miaka 16 katika kila nyumba. Chukua wanaume wote wa jina hilo la ukoo waliomo Hanover, uwapange kwenye jedwali mwaka hadi mwaka, kuanzia 1782 hadi pale Samuel anapotoweka kuelekea magharibi. Unatafuta nyumba ambayo hesabu yake inapanda kutoka mmoja hadi wawili karibu na 1788, kisha inashuka tena mwaka Samuel anapotokea kwa jina lake mwenyewe. Miaka mingi mkusanya kodi aliandika na tarehe aliyofika kwa kila mlipaji. Samuel akitozwa Machi 14 na mtu mwingine wa jina lake naye Machi 14, siku ileile mwaka baada ya mwaka, ujue walikaa njia moja. Ukiona jina limeandikwa kama mali ya marehemu fulani, umepata mwaka wa kifo bila kaburi wala wosia. Na orodha za ardhi mara nyingi huweka alama panapobadilika mmiliki, zikitaja ardhi imetoka kwa nani.

Usiruke mwaka hata mmoja. Watu wengi huangalia 1782, 1787 na 1790 wakaona inatosha, na mabadiliko yote yanakuwa yametokea 1788.

Sasa nifike kwenye kiini, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwama wakidhani bila wosia hakuna ushahidi. Kabla ya tarehe 1 Januari 1787, mtu akifa Virginia bila wosia, ardhi yake yote ilimwendea mwanawe mkubwa wa kiume. Kama mkubwa huyo amekufa akiacha mtoto wa kiume, inakwenda kwa mjukuu huyo. Kama hakuna mtoto wa kiume kabisa, mabinti wanagawana. Mjane alikuwa na haki ya kutumia theluthi moja maisha yake yote, kisha nayo inarudi kwa mrithi. Haya yalitokea kwa nguvu ya sheria. Hakukuwa na hati iliyoandikwa wala daftari lililofunguliwa. Mtoto aliamka asubuhi akiwa mmiliki.

Ndiyo maana ukimya wenyewe ni ushahidi, ukijua kuusikiliza. Mfungulie kila mwanaume wa jina hilo ukurasa wake kama daftari la duka: upande mmoja ekari alizopata na kutoka kwa nani, upande wa pili ekari alizotoa na kwa nani. Mali bila daftari, waswahili walikwisha sema. Tuseme patenti inampa William ekari 300. Tuseme orodha ya 1704, ile ya kodi ya ardhi iliyolipwa kwa Malkia wa Uingereza, inamwonyesha John wa jina hilohilo akiwa na ekari 300 New Kent. Halafu, mwaka 1740, mtu wa tatu, tumwite Thomas, anauza ekari 130, na hati inasema ni sehemu ya patenti ya William. Thomas hana hati ya kununua, hana patenti, hatajwi kwenye wosia wa mtu wa nje. Aliipataje? Njia iliyobaki ni urithi, na sheria inasema mrithi wa mtu asiyeacha wosia ni mwana mkubwa. Hapo Thomas, John na William wamefungwa pamoja na kipande cha ardhi, sio na jina. Angalia tu kwamba sharti moja litimie: uwe umetafuta kweli hiyo hati ya kununua ukaikosa, na uwe unajua kwamba madaftari ya miaka hiyo yapo. Katika kaunti iliyoungua, kukosa hati hakuthibitishi kwamba haikuwapo. Hili ni kosa ambalo hata wazoefu hulifanya.

Mwaka 1787 mambo yaligeuka. Kuanzia hapo ardhi ya asiyeacha wosia iligawiwa watoto wote sawa, wa kike na wa kiume. Kwa mtafiti ni neema: shamba la baba likiuzwa, watoto wote na waume wa mabinti zake husaini, na walio mbali hutuma uwakili. Kama baba yake Samuel alikufa Hanover mwaka 1805 hivi wakati Samuel yuko Ohio, huenda Samuel alimwandikia ndugu yake uwakili wa kuuza fungu lake. Daftari la Hanover limeungua, lakini uwakili uliweza kuandikishwa Ohio kabla ya kutumwa. Ndiyo ile karatasi niliyokuambia uiulize.

Usishangae wosia wa zamani ukimwachia mwana mkubwa shilingi moja. Wengi husoma hapo ugomvi wa baba na mwana. Mara nyingi maana yake ni kwamba alikwisha kupewa shamba lake, au kilichobaki kitamfikia kwa sheria.

Kuhusu mipaka. Ardhi ya Virginia haikupimwa kwa miraba kama sehemu kubwa ya Ohio. Ilipimwa kwa kuzunguka: kuanzia kwenye mwaloni mweupe kando ya kijito, kaskazini nyuzi 30 mashariki, pole 120, hadi kwenye mti wa hikori katika mpaka wa fulani, na kuendelea hadi kurudi ulipoanzia. Pole hiyo si ya kumpa mgonjwa. Ni kipimo cha futi 16 na nusu, karibu mita tano. Pole nne ni mnyororo mmoja wa mpima, na ekari moja ni pole 160 za mraba. Kwa hiyo pole 120 ni kama mita 600. «Kaskazini nyuzi 30 mashariki» maana yake ujielekeze kaskazini, kisha ugeuke nyuzi 30 kuelekea mashariki.

Chora. Karatasi ya grafu, rula na duara la kupimia pembe vinatosha. Amua sentimita moja iwe pole 20, basi mstari wa pole 120 unakuwa sentimita sita. Ukirudi mwanzo na pengo dogo, ni kawaida, wapima wale walifanya kazi vichakani kwa dira na mnyororo. Pengo likiwa kubwa, karani ameruka mstari au ameandika mashariki badala ya magharibi. Jaribu kugeuza mstari mmoja mmoja hadi umbo lijifunge na ekari zikaribie zilizotajwa. Ukishachora la William, chora na la kila jirani aliyetajwa, ukate kwa mkasi, uviunganishe mezani kama vigae. Mashamba yaliyopimwa kwa miaka hamsini kati yao yatapishana nyuzi moja mbili, kwa sababu kaskazini ya dira husogea. Zungusha kipande kidogo tu, usikilazimishe. Kijito ndicho nanga: Totopotomoy na Matadequin bado vipo kwenye ramani ya leo, ingawa makarani waliviandika kwa tahajia nyingi hadi mtu anacheka.

Haya yote ni ya nini? Ni kwa sababu akina William wawili wanaweza kuwa na jina moja, umri mmoja na kaunti moja, lakini hawawezi kuwa na shamba moja. Unapojua nani alikaa wapi, unaweza kuwatenganisha. Angalia pia alama ya saini. Asiyejua kuandika aliweka alama yake, herufi au msalaba wa namna yake, na karani alijitahidi kuiiga anaponakili. Mmoja akisaini kwa W iliyopinduliwa na mwingine akiandika jina lake kamili, hao ni watu wawili.

Na sasa moto. Kaunti za New Kent na Hanover zilipoteza mengi, kwa Hanover hasa mwaka 1865 Richmond ilipoungua mwishoni mwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kwani madaftari yalikuwa yamepelekwa huko yahifadhiwe. Lakini kilichoungua ni cha kaunti. Patenti zilikuwa za koloni, zimo. Kodi za serikali, zimo. Kanisa nalo lilikuwa na madaftari yake, na hapa ndipo ningekaa muda mrefu kama ningekuwa wewe.

Kila miaka minne, kwa amri ya sheria, baraza la parokia liligawa waumini katika mitaa na kuwatuma wenye mashamba watembee mipaka pamoja, wakizichonga upya alama kwenye miti, kisha walete taarifa: shamba la nani, nani walikuwapo, nani alikataa. Mpaka uliotembelewa mara tatu bila pingamizi ulihesabiwa umethibitika. Madaftari ya parokia ya St. Peter's huko New Kent na ya St. Paul's huko Hanover yapo, tena yamechapishwa. Ukimwona John kwenye mtaa fulani hadi duru moja, na duru inayofuata mashamba yaleyale, majirani walewale, lakini jina ni Thomas, umeona mali ikibadili mikono ndani ya miaka minne. Hanover ina pia kipande cha daftari la mahakama la 1733 hadi 1735 kilichopona.

Kumbuka shamba halikuhama, kaunti ndiyo iliyohama. New Kent ilikatwa kutoka York mwaka 1654. Hanover ikakatwa kutoka New Kent mwaka 1720, na Louisa kutoka Hanover mwaka 1742. Familia inayoonekana kuhama mara tatu huenda haikuondoka kitandani. Madaftari ya Louisa yamepona vizuri, na watu wa Hanover walinunua ardhi huko kwa wingi, wakijitaja kuwa ni wa Hanover. Tafuta ndugu na majirani wa Samuel huko Louisa, hata kama yeye hakufika. Vilevile Maktaba ya Virginia ina faharasa ya kesi za chansari, mahakama iliyosikiliza magomvi ya mirathi. Kesi moja ya ndugu kugombea shamba inaweza kutaja watoto, wajukuu na nani alihamia Ohio. Mtu wa Hanover aliweza kushtakiwa nje ya Hanover, na jalada likapona huko.

Kwenye FamilySearch, tovuti ya nasaba ambayo ni bure, sasa unaweza kutafuta maneno ndani ya hati zilizoandikwa kwa mkono, na mashine inakusomea. Usitafute jina la ukoo peke yake. Weka jina la kijito pamoja na jina la jirani. Mashine husoma vibaya mwandiko wa karne ya 18, hivyo hati iliyokosekana kwa jina moja hupatikana kwa jingine.

Maneno nayo yana mitego. «Junior» na «Senior» zilimaanisha mdogo na mkubwa wa jina hilo mtaani, pengine mtu na mjomba wake, na mkubwa akifa mdogo anapanda cheo. «Cousin» mara nyingi ni mtoto wa ndugu. «Mother-in-law» huweza kuwa mama wa kambo. «Infant» ni yeyote chini ya miaka 21, hata awe na ndevu. Na kabla ya 1752 mwaka mpya ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1698 katika daftari ni Februari 1699 kwa hesabu yetu. Andika 1698/99, usije ukamzalisha mtu kabla ya harusi.

DNA nitaipitia haraka. Kutoka kwa mume wako hadi William ni kama vizazi 12. Ukipanda vizazi kumi tu, nafasi za mababu ni 1,024, na wengi wao hawakumwachia hata kipande kimoja cha DNA. Watu waliolingana naye ni ndugu wa kweli, lakini huenda wote ni wazao wa Samuel, au wanakutana naye kwa bibi mwingine kabisa. Hawathibitishi chochote juu ya Samuel kwenda juu. Kinachoweza kusaidia ni kipimo cha kromosomu Y, ikiwa jina la ukoo limemfikia mume wako baba kwa baba bila kukatika. Anahitajika mwanaume mwingine anayetoka kwa William kwa mstari tofauti uliothibitishwa kwa karatasi. Wasipolingana, dai limeanguka, au mahali fulani mstari wa baba ulikatika. Wakilingana, wametoka ukoo mmoja, ila kipimo hakisemi kama ni kwa William au kwa kaka yake.

Jambo moja utalikuta na ni bora ulitarajie. Katika wosia na orodha za mali utaona watu wameandikwa kwa jina moja moja na bei, katikati ya ng'ombe na vyungu. Ni watumwa. Usiwaruke. Nakili kila jina, umri kama upo, na alikwenda kwa mrithi gani. Kwa wazao wao, ambao walianza kuandikwa wote kwa majina katika sensa ya 1870 tu, mstari huo waweza kuwa ndio pekee uliopo. Na kwa kazi yako, mtu aliyetajwa kwenye wosia wa John na tena kwenye orodha ya mali ya Thomas ni kiungo kinachofanana na kile cha shamba.

Mtaalamu mtafute pale utakapokuwa na wagombea wawili wa kuwa baba yake Samuel na karatasi za mtandaoni zimeisha. Hapo anahitajika mtu wa kukaa Richmond na majalada ambayo hayajapigwa picha. Board for Certification of Genealogists na Association of Professional Genealogists zina orodha za watafiti. Chagua aliyezoea kaunti zilizoungua za Virginia. Mpe swali moja lililoandikwa, si historia nzima: baba yake Samuel, aliyezaliwa karibu na 1772, ni nani? Weka kikomo cha saa, mpe jedwali lako la kodi na michoro yako asirudie, na udai taarifa inayotaja hata alipotafuta akakosa. Anayekuahidi William kabla hajaona kitu, mwache. Na kama wakwe wanataka kuingia chama cha wazao wa walowezi, wasipeleke fomu kwanza, na wasiegemee fomu ya jamaa iliyokubaliwa zamani. Vyama hivyo siku hizi hudai ushahidi wa kila kizazi.

Kwenye kitabu cha wanao chora mstari kamili hadi kwa Samuel. Kutoka kwa Samuel kwenda juu weka nukta nukta, na pembeni ya kila nukta andika kwa penseli ni karatasi gani inayokosekana.